Mwalimu wa Sedbergh: Maisha ya H. W. Fowler na Deni la Msahihishaji



Bila shaka baadhi yenu mlishangaa mliposoma tangazo. Katika mfululizo wa mihadhara ya taaluma za Kiswahili, nimechagua kuzungumzia maisha ya Mwingereza ambaye hakuwa mtaalamu wa Kiswahili, na ambaye vitabu vyake vyote vya lugha vilihusu Kiingereza. Naomba mniruhusu nieleze sababu kwa kisa kifupi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja wao alikuwa ameandika "nyumba zingine". Nikalipiga neno hilo mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: si sanifu. Siku ya pili yake mwandishi wa insha akaja ofisini. Akaniamkia, akaketi, akasema, "Mwalimu, nimeona nilipokosea. Naomba kujua kosa lenyewe ni nini." Nikamjibu kwamba neno hilo si la Kiswahili sanifu. Akasema kwa adabu kabisa, "Hilo nimelisoma, mwalimu. Nilikuwa naomba sababu yake." Sikuwa nayo. Nilimwelekeza akatazame kamusi, akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki na kalamu nyekundu mkononi na fedheha moyoni.

Hoja yangu leo ni moja. Anayemkosoa mwenzake katika lugha anadaiwa sababu. Maisha ya mwalimu Henry Watson Fowler yanatuonyesha jinsi deni hilo linavyolipwa, na yanatuonyesha pia mahali ambapo yeye mwenyewe alishindwa kulilipa.

Mwalimu

Fowler alizaliwa tarehe 10 Machi 1858 katika mji wa Tonbridge, jimbo la Kent, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Mchungaji Robert Fowler, alikuwa mwalimu; alifariki mwaka 1879, wakati Henry akiwa bado mwanafunzi katika Chuo cha Balliol, Oxford. Kabla ya hapo Henry alikuwa amesoma katika shule ya Rugby. Huko Oxford alimaliza kwa daraja la pili, matokeo yaliyokuwa chini ya matumaini yaliyowekwa juu yake.

Baada ya kufundisha kwa mihula miwili katika shule ya Fettes, Edinburgh, alihamia mwaka 1882 katika shule ya bweni ya wavulana ya Sedbergh, kaskazini mwa Uingereza. Hapo alikaa miaka 17, akifundisha Kilatini, Kigiriki na Kiingereza. Tusiupite muda huu haraka kana kwamba ulikuwa dibaji tu ya maisha yake. Mwalimu anayesahihisha tafsiri za wavulana, sentensi baada ya sentensi, hawezi kuishi kwa kusema "hivi ndivyo" na "hivi sivyo". Darasa lina macho, na mwanafunzi mmoja mwenye swali anatosha kuivunja kanuni isiyo na msingi. Naamini kwamba sauti tunayoisikia katika vitabu vyake vya baadaye, sauti ya mtu anayebishana na msomaji wake kwa subira na kwa utani, ilitengenezwa katika darasa hilo.

Mwaka 1899 aliiacha kazi hiyo, na namna alivyoiacha inatueleza mengi. Nafasi ya usimamizi wa bweni ilikuwa wazi, na msimamizi wa bweni alitakiwa kuwaandaa wavulana kwa kipaimara. Fowler hakuwa na imani hiyo ya dini. Alimweleza mkuu wa shule kwamba hawezi kuwafundisha vijana jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini. Shule haikulegeza sharti lake, naye hakulegeza lake. Akiwa na umri wa miaka 41 akajiuzulu, akaenda London kujaribu kuishi kwa kalamu.

Wengi wetu tungepata njia ya kulipitisha jambo hilo. Tungefundisha somo kama lilivyo kwenye muhtasari, na imani zetu tukabaki nazo nyumbani. Fowler hakuweza, na mtu wa namna hiyo hakuweza vilevile kufundisha kanuni ya sarufi kwa sababu tu aliikuta.

Kisiwani Guernsey

Maisha ya London hayakumletea mafanikio makubwa. Mwaka 1903 alihamia kisiwa cha Guernsey, ambako mdogo wake, Francis George Fowler, alikuwa mkulima wa nyanya. Ndugu hao wawili waliishi katika nyumba mbili ndogo, mwendo wa hatua chache kati ya moja na nyingine, wakaanza kufanya kazi pamoja. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa tafsiri ya maandishi ya Lukiano wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili aliyeandika kwa Kigiriki. Ilichapishwa Oxford mwaka 1905 katika majuzuu manne.

Mwaka uliofuata, 1906, walitoa kitabu cha The King's English. Mbinu yao ilikuwa rahisi, na iliwatisha wakubwa. Hawakutunga mifano ya makosa. Waliitoa katika magazeti yenye heshima kubwa na katika vitabu vya waandishi mashuhuri, kisha wakaonyesha kasoro iko wapi na sentensi ingeandikwaje vizuri zaidi. Mwanzoni mwa kitabu wanamshauri mwandishi achague neno linalojulikana kuliko lililotafutwa mbali, neno la kitu kinachoonekana kuliko la dhana tupu, neno moja kuliko maelezo marefu, fupi kuliko refu, na la asili ya Kisaksoni kuliko lenye asili ya Kilatini. Nitalirudia shauri hilo la mwisho.

Mwaka 1908, siku alipotimiza miaka 50, Henry alimwoa Jessie Marian Wills, muuguzi. Mwaka 1911 yeye na Francis walikamilisha kamusi ya Concise Oxford Dictionary. Hawakuwahi kutunga kamusi kabla ya hapo. Waliitegemea Kamusi kubwa ya Oxford, lakini hiyo ilikamilika mwaka 1928 tu. Kwa hiyo katika herufi za mwisho iliwabidi wajitafutie njia wenyewe.

Vita, na kitabu cha 1926

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, ndugu hawa waliona kwamba haifai kuwahimiza vijana waende vitani wakati wao wenyewe wamekaa. Mwaka 1915 wakajiandikisha. Henry alikuwa na miaka 57. Ili akubaliwe, alidai kuwa na miaka 44. Mtu aliyekataa kusema uongo kwa ajili ya cheo alisema uongo ili apewe bunduki. Huko Ufaransa jeshi lilimwona mzee, likampa kazi ndogondogo za kambini, jambo lililomuudhi sana, na mwaka 1916 akarudishwa nyumbani. Francis aliugua kifua kikuu katika utumishi huo, akafariki mwaka 1918.

Kabla ya vita walikuwa wamekubaliana kuandika kitabu kingine juu ya matumizi ya lugha. Sasa Henry alilazimika kukiandika peke yake. Kilitoka mwaka 1926 kwa jina la A Dictionary of Modern English Usage, na amekitabaruku kwa ndugu yake aliyekipanga naye. Tunapokisoma na kucheka, kwa kuwa kina mengi ya kuchekesha, tukumbuke kwamba kiliandikwa na mtu aliyekuwa akiendeleza mazungumzo ambayo upande mmoja wake ulikuwa umenyamaza. Henry aliishi miaka yake ya mwisho katika kijiji cha Hinton St George, Somerset, akikimbia na kuogelea hata uzeeni. Jessie alifariki mwaka 1930, na yeye akamfuata tarehe 26 Desemba 1933.

Kitabu hicho kiliwafikia watu wa kila daraja. Husimuliwa kwamba mwaka 1944, katikati ya maandalizi ya kuvamia Normandy, Winston Churchill alimkemea mkuu wa upelelezi wa jeshi kwa kuchanganya maneno mawili yanayokaribiana, akamtaka akamsome Fowler.

Namna yake ya kuhukumu

Uingereza haina baraza la lugha lenye mamlaka ya kisheria. Fowler hakuwa na cheo chochote cha chuo kikuu wala cha serikali. Nguvu yake ilitokana na nini, basi? Naona mambo matatu.

La kwanza, aliyashambulia makatazo ya uongo kwa ari ileile aliyotumia kushambulia makosa. Walimu wa wakati wake waliwakataza wanafunzi kumalizia sentensi kwa kihusishi. Fowler aliiita kanuni hiyo ushirikina. Walikataza pia kupachika neno kati ya "to" na kitenzi kinachofuata. Hapa Fowler aliwagawa Waingereza katika makundi matano, kuanzia wasiojua wala kujali, hadi wanaojua na kupambanua. Nao wasiojua aliwaona wenye heri. Yeye mwenyewe alishauri kutenganisha pale ambapo kutotenganisha kunaleta utata au sentensi iliyopinda. Alitaka mwandishi apime, asiogope.

La pili, alithamini tofauti za maana. Lugha ilipokuwa na maumbo mawili, swali lake lilikuwa: je, yanafanya kazi mbili? Kama yanafanya, tuyalinde yote mawili. Kama hayafanyi, tuone wasemaji wenyewe wanaelekea wapi.

La tatu, aliyaonea aibu maneno yanayojivuna. Ni ndugu hawa waliolipa jina tatizo la kubadilisha majina ya kitu kimoja kwa hofu ya kurudia neno. Wasomaji wa kurasa zetu za michezo mnalifahamu. Timu inaanza kwa kuitwa Simba, katika sentensi ya pili inakuwa Wekundu wa Msimbazi, katika ya tatu Wanamsimbazi, na Yanga nao wanageuka kuwa Wanajangwani. Ushabiki unaruhusu madoido hayo, na yana utamu wake. Lakini mgeni wa soka letu akisoma habari hiyo atadhani uwanjani zilikuwapo timu tano. Ripoti ya kitaaluma inayomwita mtu yuleyule mtafitiwa, kisha mhojiwa, kisha msailiwa, ina kosa hilohilo, tena bila utamu.

Mahali aliposhindwa

Haitakuwa haki nikimsifu tu. Fowler aliupinga sana muundo mmoja wa Kiingereza ambao naweza kuueleza kwa mfano wa kwetu. Tunaweza kusema "Kuondoka kwake kulituhuzunisha", na tunaweza kusema "Yeye kuondoka kulituhuzunisha". Katika muundo wa kwanza kimilikishi kinaonyesha uhusiano wa mtu na tendo. Katika wa pili mtu na tendo vimewekwa pamoja bila kiunganishi. Fowler alidai kwamba muundo wa Kiingereza unaofanana na huu wa pili hauchanganuliki kisarufi, na kwamba unaiozesha lugha.

Otto Jespersen, mwanaisimu mkubwa wa Denmark, alimjibu mwaka 1926. Alileta ushahidi wa waandishi wazuri waliotumia muundo huo katika vipindi mbalimbali, akaonyesha jinsi ulivyokua. Pia alimwelezea Fowler kuwa ni mtu anayeihubiri sarufi kama maadili, kwa silika. Fowler alijibu mwaka 1927. Jina hilo alilipokea kwa furaha, na msimamo wake hakuubadili. Alikiri kwamba chuki yake ya silika juu ya muundo ule ilikuwa na uzito zaidi kwake kuliko historia aliyoonyeshwa.

Tazameni, ndugu zangu, kilichotokea. Mwalimu aliyewadai wenzake sababu kwa miaka mingi, alipodaiwa ya kwake, alilitaja sikio lake. Na sikio hilo lilikuwa la nani? Lilikuwa la mwanamume wa tabaka fulani, aliyesoma Rugby na Oxford. Kiingereza cha mashamba na viwanda vya nchi yake hakikuwa na kura katika hukumu zake. Wakati haukumpa ushindi. Kitabu chake kilirekebishwa na Ernest Gowers mwaka 1965, kikaandikwa upya kwa sehemu kubwa na Robert Burchfield mwaka 1996, na muundo alioupinga unatumika leo bila kumshangaza mtu.

Sisi na deni letu

Hali yetu ni tofauti na ya Fowler. Usanifishaji wa Kiswahili ulianza kama kazi ya serikali za kikoloni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ilitolewa mwaka 1939 na shirika lilelile la uchapishaji la Oxford lililokuwa likitoa vitabu vya Fowler. Baada ya uhuru, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ikatoka mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015. Hizi ni hazina, nami ni mmoja wa walionufaika nazo. Hata hivyo, kuwa na mamlaka kunaleta kishawishi ambacho Fowler hakuwa nacho. Mwenye mhuri huona mhuri unatosha.

Chukueni neno "masaa". Wengi wetu hulikata kwa kuwa "saa" iko katika ngeli isiyobadilika kwa wingi. Hiyo ni sababu, na ni nzuri. Lakini "Nilimsubiri saa tatu" ina maana mbili, ya wakati na ya muda, na msemaji wa "masaa matatu" ameitenga moja. Mpinzani atajibu kwamba "kwa muda wa saa tatu" inaitenga vilevile bila kuvunja kanuni. Sasa tuna mjadala wenye pande mbili, na mwanafunzi anaweza kupima.

Chukueni "mtu ambaye aliyekuja". Hapa sina shaka, na sababu yake ni fupi: kirejeshi kimetajwa mara mbili, katika "ambaye" na katika "-ye-", na kimoja kinatosha. Chukueni "zoezi la kuhesabu kura linaendelea". Halina kosa la sarufi hata moja, lakini maneno matano yanafanya kazi ya mawili: kura zinahesabiwa.

Na suala la asili ya maneno? Nilisema nitalirudia. Mwaka 1906 ndugu wa Fowler walilipendelea neno la Kisaksoni. Miaka 20 baadaye Henry aliandika kwamba kulichagua neno kwa kutazama ukoo wake ni upuuzi. Swali ni kama neno linafahamika na linafaa. Wapo kwetu wanaotaka kuyang'oa maneno yenye asili ya Kiarabu, na wapo wanaoyaonea haya maneno yaliyoletwa kutoka lugha za Kibantu za bara. Lakini "bunge" na "ikulu" zimekaa nasi kwa amani sawa na "sheria", na raia anapozisikia haulizi zilizaliwa wapi.

Hitimisho

Narudi kwa mwanafunzi wangu na "nyumba zingine" zake. Leo ningemjibu hivi. Kivumishi chetu katika ngeli hiyo hupokea upatanisho wa "n", tunavyosema nyumba nzuri, nyumba nyeupe, nyumba nyingi. Ndiyo maana kamusi inatoa "nyingine", kwa umoja na kwa wingi. Hata hivyo "nyingine" haitwambii kama nyumba ni moja au ni kumi, na "zingine" inatwambia. Tena umbo lake si la ajabu. Limejengwa kama "zangu", "zote" na "hizi", na katika neno "lingine", ambalo tunaliruhusu pamoja na "jingine", tumekwisha kuukubali upatanisho wa namna hiyohiyo. Katika insha ya chuo andika "nyingine", kwa sababu ndiyo sanifu ya leo na msomaji wako anaitarajia. Lakini usione haya. Ulichokiandika hakikutokana na ujinga. Kilitokana na akili ya lugha inayotafuta kupambanua.

Jibu hilo lingechukua dakika tatu. Sikumpa, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza swali lake. Nyinyi wanafunzi mnaokwenda kufundisha mtapewa kalamu nyekundu kama niliyopewa mimi. Kila mnapopiga mstari, andikeni pembeni sababu. Mkiikosa, uacheni mstari huo kwanza, mkaitafute.